Sikio au maumivu: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Goti la baba yako linamsumbua msimu huu wa mvua lakini halimzuii kwenda kijiweni, na mdogo wako amepata ule uhamisho aliokuwa akiusotea. Mungu ashukuriwe.

Umeniuliza jambo zito kwa maneno machache, kama kawaida yako. Umepata nafasi mbili za kusomea shahada ya uzamivu: maabara moja inachunguza usikivu, nyingine inachunguza maumivu. Unataka kujua mimi, niliyeuguza wagonjwa kisha nikawafundisha wauguzi fiziolojia, ningekuwa wewe ningekwenda wapi. Na umegusia kwamba mwalimu wako mmoja amekutahadharisha kuwa chaguo hili ni la maisha, hakuna kurudi nyuma.

Nianze na huyo mwalimu. Simjui na sitaki kumvunjia heshima, ila historia ya fani hizi mbili inampinga. Mchukue David Corey wa Chuo Kikuu cha Harvard. Miaka ya sabini alikuwa mwanafunzi wa James Hudspeth kule California. Walikuwa wakichokoza seli nywele za sikio la ndani la chura na kupima umeme wake. Unakumbuka seli nywele: juu yake kuna vinywele vilivyopangwa kwa vimo, vikitikiswa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinamiminika ndani ya seli, na neva inapata habari. Mwaka 1979 wakaandika kwamba tangu kinywele kisukumwe mpaka umeme uanze, zinapita takriban mikrosekunde 40 tu. Muda huo hautoshi kemikali moja kuiamsha nyingine na ile iamshe ya tatu, kama inavyokuwa kwenye jicho. Kwa hiyo chaneli inayopitisha ayoni lazima iwe inavutwa yenyewe, moja kwa moja, kama mlango uliofungiwa kamba. Mwaka 1984 James Pickles na wenzake kule Uingereza wakaiona hiyo kamba kwa hadubini ya elektroni: uzi mwembamba unaotoka ncha ya kinywele kifupi kwenda ubavuni mwa kirefu.

Mlango upo, kamba ipo. Mlango wenyewe ni protini gani? Swali hilo likawala watu miongo kadhaa. Seli nywele ni chache mno mwilini, huwezi kuzikusanya kwa kilo ukasaga ukatafuta protini ndani yake.

Mwaka 2004 Corey na kundi kubwa la wenzake walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba wana mtuhumiwa, protini iitwayo TRPA1. Ushahidi haukuwa wa kubabaisha. Walipoipunguza kwenye samaki wadogo wa maabara na kwenye seli za panya, mwitikio wa seli nywele ulishuka. Mwaka huohuo maabara ya David Julius, San Francisco, ikaonyesha kwamba chaneli hiyohiyo ndiyo inayochomwa na mafuta ya haradali. Fikiria: mtu mmoja anasema hiki ni chombo cha kusikia, mwingine anasema hiki ni chombo cha kuwashwa na haradali.

Njia ya kumaliza ubishi ilikuwa moja, kuzalisha panya wasio na jeni hiyo kabisa. Kama TRPA1 ndiyo mlango wa sikio, panya hao watazaliwa viziwi. Maabara zote mbili zikawazalisha, na mwaka 2006 zote zikachapisha majibu. Panya walikuwa wanasikia vizuri tu. Kilichopungua ni namna walivyojali haradali na kemikali nyingine chungu.

Sasa nataka usome kichwa cha makala iliyotoka kwa Corey mwaka ule, mwandishi wake wa kwanza akiwa Kelvin Kwan, na mtaalamu wa maumivu Clifford Woolf akiwa miongoni mwao. Nusu ya kwanza inasema TRPA1 inachangia maumivu yatokanayo na baridi, mguso na kemikali. Nusu ya pili inasema si ya lazima kwa seli nywele. Yaani dai lao wenyewe la miaka miwili nyuma wamelikana palepale kwenye kichwa, hawakulificha kwenye aya ya mwisho ambako wangeliona wachache. Mimi nimekaa ofisini na watu wazima ambao hawawezi kufuta sentensi moja kwenye ripoti ya mwezi, kwa hiyo kichwa kile kwangu ni kitu kikubwa.

(Kuhusu baridi, maabara zile mbili hazikukubaliana. Panya wa Corey walionekana kutoijali sana baridi, wa Julius walikuwa kama panya wengine. Ukienda kwenye maumivu utaukuta ubishi huo unakusubiri.)

Kazi ya watu wa masikio ikaishia kuwafaa watu wa maumivu. Mwaka 2010 familia moja ya Kolombia, ambayo vizazi kwa vizazi ilipatwa na maumivu makali ya kifua na mikono kila wakikaa na njaa, wakichoka au wakipigwa na baridi, iligundulika kuwa na kasoro kwenye TRPA1. Na Corey? Alirudi sikioni. Kulikuwa na jeni nyingine, TMC1, iliyotambuliwa mwaka 2002 kwa kuchunguza familia zenye uziwi wa kurithi, nyingi zikiwa za India na Pakistani. Mwaka 2018 yeye na Jeffrey Holt, ambaye naye alikuwa kwenye orodha ya waandishi wa 2004, walionyesha kwamba TMC1 ndiyo inayounda tundu la kupitishia ayoni. Kutoka ule mwaka wa vyura hadi hapo ni miaka 39, na katikati yake mtu yuleyule ameingia kwenye maumivu na kutoka. Mwambie mwalimu wako.

Lakini hujaniuliza habari za Harvard, umeniuliza mimi.

Nilipokuwa wodi ya kifua kikuu, wenye kifua kikuu sugu tuliwachoma sindano ya kanamaisini kila siku kwa miezi mingi. Dawa hiyo iliokoa watu, sitaisema vibaya. Lakini inafika siku mgonjwa anakuambia, “Sista, masikio yanapiga mlio,” na wewe unajua kinachofuata. Kwanza zinapotea sauti nyembamba: ndege, mlio wa simu, sauti za watoto. Halafu anaanza kukutazama mdomo unapoongea. Mashine ya kupima usikivu hatukuwa nayo, tulisimama nyuma ya mgonjwa tukamwita jina. Akigeuka, tunaandika anasikia. Nilikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, mapafu yalipona kabisa, akarudi sokoni hasikii wateja wanaagiza vingapi. Alinipungia mkono kila nilipopita, na mimi nilinunua hata siku ambazo sikuvitaka.

Miaka hiyo yote nilijua dawa inaua masikio, sikujua inaingiaje. Nimekuja kuelewa baada ya kustaafu, kwa makala ulizokuwa ukinitumia. Dawa za jamii hiyo, kanamaisini, streptomaisini, jentamaisini, zinapita kwenye mlango uleule ambao Corey alikuwa anautafuta. Tundu ni pana kiasi cha kuzipitisha, na umeme wa seli unazivuta ndani. Zikishaingia hazitoki kirahisi, seli inakufa. Binadamu ana seli nywele kama 16,000 tu katika kila sikio, na zikifa hazioti tena. Kuku anaziotesha. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuku na kware walioharibiwa masikio kwa kelele hutengeneza seli nywele mpya. Kwa nini kuku aweze na yule mama ashindwe, hiyo nayo ni kazi ya maisha kama unaitaka.

Nisikudanganye, hata hivyo. Kilichowaondolea wagonjwa wetu sindano ile hakikutoka kwenye maabara ya sikio. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisitumike tena kwa kifua kikuu sugu, kwa sababu vidonge vilishapatikana, bedakwilini ikiwa mbele. Ni watu wa kifua kikuu waliotatua tatizo la masikio. Lakini jentamaisini bado tunawachoma watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, nchi nzima, kila usiku, kwa sababu ni rahisi, inapatikana na inaokoa. Anayeujua mlango huo vizuri siku moja anaweza kuuziba kwa muda wakati mtoto anapewa dozi. Wapo wanaojaribu.

Maumivu nayo nimeyaona, pengine zaidi ya masikio. Saratani ya shingo ya kizazi, wanawake wa umri wangu wa wakati ule. Usiku wodi yote haikulala kwa ajili ya mmoja. Tulikuwa na panadoli na diklofenaki. Mofini ilikuwa kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwenda nyumbani saa tisa na nusu. Mofini, mwanangu, ilitenganishwa na afyuni zaidi ya miaka 200 iliyopita. Hakuna fumbo la kisayansi hapo.

Waganda wameshaonyesha. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wakawa wanachanganya unga wa mofini na maji, mgonjwa anapewa chupa anakwenda kunywa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu waiandike wenyewe bila kumsubiri daktari. Waliporuhusu wauguzi nilifurahi kama nimepandishwa cheo mimi. Hilo ndilo lililohitajika kwa wale wanawake wangu: sheria, chupa na muuguzi. Chaneli mpya wasingeifanyia kitu.

Yapo maumivu ambayo mofini haiyafikii vizuri, nakubali. Miguu inayowaka moto ya mgonjwa wa kisukari, ya mwenye virusi vya UKIMWI. Pale maabara inahitajika kweli, na pale ndipo penye makaburi mengi ya dawa. Julius alipotambua mwaka 1997 chaneli inayochomwa na pilipili, TRPV1, kampuni zilikimbilia kutengeneza dawa za kuiziba. Dawa zilifanya kazi, lakini wagonjwa wakapata homa, na wengine wakashindwa kutambua kwamba kikombe walichoshika ni cha moto, kwa sababu chaneli hiyo ndiyo inayotuambia kitu kimevuka nyuzi joto 43 hivi. Maumivu yana kazi yake, ukiyazima yote mwili unaachwa bila mlinzi. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, kijana aliyekimbia vita Beirut akafika Marekani mwaka 1986. Dawa ya kumeza inayoiziba TRPV1 bado haijafika dukani.

Iliyofika imetoka kwenye chaneli nyingine ya neva za maumivu, Nav1.8. Jeni yake ilitambuliwa London mwaka 1996, dawa ya kuiziba ikaidhinishwa Marekani Januari 2025. Miaka 29. Upande wa masikio, mwaka 1999 maabara ya Christine Petit, Paris, ilitambua jeni ya protini ya sikio iitwayo otofelini kwa kuchunguza familia za Lebanoni zenye watoto viziwi. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai wakachapisha habari za watoto sita waliowekewa nakala nzima ya jeni hiyo ndani ya sikio, na watano wakaanza kusikia. Jeni ni ndefu, haienei kwenye kirusi kimoja, ikabidi waikate vipande viwili wavipeleke na virusi viwili, viungane ndani ya seli. Miaka 25. Nakuwekea hesabu hizi usije ukachagua kwa kuangalia ni wapi utawahi kuona mgonjwa anapona. Pande zote mbili utakuwa na mvi kama mimi.

Kuna kitu kingine kinachonifanya niamini kwamba mpaka kati ya fani hizi wameuchora watu wa idara, mwili wenyewe hauujui. Kwenye neva ya sikio, kama nyuzi tano katika kila mia hazifanani na nyingine. Ni nyembamba, hazina ala ya mafuta, na sauti ya kawaida haiziamshi. Mwaka 2015 Paul Fuchs na Elisabeth Glowatzki wa Johns Hopkins walionyesha kwamba nyuzi hizo zinaamka pale seli nywele za jirani zinapoharibika na kumwaga yaliyomo. Kundi la Jaime García-Añoveros huko Chicago lilifikia jambo la namna hiyo mwaka uleule kwa kuangalia ubongo wa panya viziwi waliopigwa kelele za kudhuru. Kwa maneno mengine, ndani ya sikio mna neva zinazofanya kazi kama neva za maumivu. Na huyo García-Añoveros, tafuta jina lake kwenye ile makala ya 2004. Yumo.

Halafu kuna fuko wasio na manyoya. Hawa ni wa kwetu huku, Kenya, Ethiopia na Somalia, wanakaa ardhini makundi makubwa na malkia mmoja. Jennifer Jarvis alianza kuwachunguza Kenya miaka ya sitini, na mwaka 1981 akaonyesha kwamba wanaishi kwa utaratibu wa nyuki. Mwaka 2008 Thomas Park na Gary Lewin walionyesha kwamba ngozi yao haijali tindikali wala pilipili: unawapaka kapsaisini, wanaendelea na shughuli zao. Masikio yao nayo ni duni, sauti wanazisikia kidogo na kutambua inakotoka wanashindwa. Mnyama mmoja ana maswali yako yote mawili. Anachimba mashimo kwenye mashamba ya watu Kenya, na anachunguzwa zaidi Berlin na Chicago. Hilo linaniudhi kidogo, na nakuandikia makusudi ili nawe likuudhi.

Sasa jibu. Ningekuwa wewe ningekwenda kwenye sikio, nikijua kwamba huenda nisikae huko.

Sababu zangu ni hizi. Maumivu yana kampuni za dawa na fedha zake, na kwa watu wetu sehemu kubwa ya tatizo ni ule ufunguo wa kabati, ambao hauhitaji shahada yako. Ukitaka kuupigania, uje tuupiganie wote, mimi nina muda. Sikio lina watu wachache, na madhara ya dawa kwa masikio yanawapata wengi zaidi kwenye nchi zinazotumia dawa za bei nafuu, yaani zetu. Pia ufundi wake hauna mpaka: ukiweza kupima umeme wa seli nywele, seli iliyo ndogo, dhaifu na adimu, neva ya maumivu haitakushinda. Aliyeanzia kwenye sikio anahamia kwenye maumivu kwa urahisi kuliko anayekwenda kinyume chake. Hayo ni maoni yangu, nimeyatoa kwenye makala na wala si kwenye meza ya maabara, kwa hiyo wewe uliyeshika pipeti una haki ya kunikatalia.

Ila kabla ya sikio na maumivu, ningemwangalia msimamizi. Utakapozungumza nao kwa video, usiulize tu habari za vifaa na posho. Waulize kila mmoja: ni lini mara ya mwisho maabara yako ilichapisha jibu lililopinga dai lake yenyewe, na mwanafunzi aliyelipata jibu hilo yuko wapi leo? Kwan aliyeandika kwamba panya wanasikia hakufukuzwa, alikuwa mwandishi wa kwanza, na baadaye akapata maabara yake ya masikio huko Rutgers. Msimamizi akilikwepa swali hilo, hata kama maabara yake ni ya sikio, nenda kwenye maumivu. Akilijibu vizuri yule wa maumivu na wa sikio akababaika, mimi sitasema umeniasi.

Kuna jambo uliliandika mwishoni, kwamba unaona aibu kwenda kukata panya masikio wakati kwetu mtoto kiziwi hana hata shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya usikivu wao, na wengi wako nchi kama zetu. Aibu hiyo sina dawa yake, na nisingependa ikuishie. Lakini atakayegawa shimesikio na atakayeuziba mlango wa seli si lazima wawe mtu mmoja. Wewe tangu shule ya msingi ulikuwa mtu wa kufungua redio kuona ndani, hukuwa mtu wa kampeni. Mdogo wako ndiye wa kampeni.

Niandikie siku ya mazungumzo na saa, kwa saa za huku, nipate kukuombea. Baba yako anauliza viza inachukua muda gani na tiketi nani analipa. Mpigie mwenyewe umjibu, mimi nimeshamwambia sijui mara nyingi mpaka amedhani namficha.

Mama yako